Karatasi ya Mlangoni na Miezi Minane ya Dawa

Kama umetoka zahanati leo na kadi ya dawa mkononi, na hujui nyumbani utaanzia wapi kusema, kaa kwanza unywe maji. Mimi pia nilipewa kadi hiyo. Nilipona, nikanenepa hadi zipu za sketi zangu zikagoma kufunga, na sasa nina nafasi ya kukuambia nilivyopita, pamoja na ujinga nilioufanya katikati. Mambo ya vijidudu na jinsi vinavyoingia kifuani waulize wauguzi. Mimi nitakuambia ya benchi, ya sindano, ya mume wangu, na ya karatasi moja iliyonipenda nami nikaipenda hadi nusura tuzikane.

Miaka ile ya tisini maofisi yalikuwa yanapunguza watu, na mimi mpiga chapa wa siku nyingi nikapunguzwa. Nikapata mashine moja kuukuu ya kuchapa, nikapanga fremu ya duka Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Nilikuwa nachapia watu barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja na kadi za michango ya harusi. Mume wangu, Baba Kabula, ni seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya fremu yangu, kiasi kwamba nikinyamaza kuchapa alisikia. Tulikuwa na watoto wawili, Kabula wa darasa la tatu na mdogo wake Maduhu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia.

Siku moja sikupata mteja hata mmoja. Nikachapa ukurasa mmoja wa habari za hapo hapo kwetu: bomba gani lina maji, ng'ombe wa nani amepotea, fundi gani wa cherehani ametoweka na vitambaa vya watu. Nikaubandika mlangoni. Wakati huo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka kila wiki, nami nikajisemea, kwani hao wenzangu wana nini ambacho mimi sina. Kufika saa sita watu walikuwa wamejazana mlangoni wanasoma. Mmoja akaomba penseli akaandika pembeni mwa karatasi: "Huyo ng'ombe yupo Kishiri, kwa shemeji wa mwenyewe." Wakaenda, wakamkuta kweli.

Basi nikafunga penseli kwa uzi kwenye msumari, na kila karatasi nikawa naiachia nafasi kubwa pembeni. Hapo ndipo Igoma nzima ilipohamia. Watu walisahihisha, walisifu, walibishana, walisalimiana. Mtu alikuwa akitoka sokoni anapitia kuona aliyemjibu jana amesema nini. Ikawa ni desturi, huwezi kupita kwa Mama Kabula bila kuacha neno.

Na mimi, mwenzangu, pembeni pale palinilewesha. Mtu akiandika "Leo umetuweza", nilishinda bila kula na sijui kama nina njaa. Mtu akiandika "Leo hamna kitu", siku yangu imeharibika, hata mtoto akiniita naitika kwa ukali. Ukurasa wa mara moja kwa wiki ukawa wa kila siku, halafu asubuhi na jioni. Nilitoka nyumbani alfajiri kabla ya uji, nikarudi watoto wameshakula. Jumapili kanisani nilikuwa naangalia nani kakaa na nani, niandike nini Jumatatu. Baba Kabula aliniambia mara moja, kwa upole wake ule: "Mama Kabula, hata redio ina saa ya kufunga." Nikacheka, nikaiandika kwenye karatasi kama kichekesho cha siku.

Kikohozi kilianza Agosti. Igoma kiangazi kila mtu anakohoa, malori yanapita na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Kwa hiyo nikasema ni vumbi. Septemba nikasema ni vumbi. Oktoba nguo zikaanza kunipwaya, jasho linanilowesha nikilala, nikipanda kale kamlima ka kwenda nyumbani nasimama mara tatu najifanya namsalimia mtu. Bado nikasema ni vumbi. Nilikuwa nameza dawa ya kikohozi ya chupa huku nachapa, na nilishapanga kwenda hospitali siku ambayo hakuna habari. Siku hiyo haipo, kama hujui.

Mvua za Novemba zikaja, vumbi likalala, mimi nikaendelea kukohoa. Baba Kabula alikuja fremuni mchana, akachomoa karatasi kwenye mashine katikati ya sentensi, akasema, "Twende." Nilikwenda nimenuna. Siku chache baadaye tuliitwa kusikiliza majibu, na muuguzi akasema kifua kikuu.

Nitakuambia ukweli, nililia pale pale kwenye kiti. Miaka ile neno hilo lilikuwa linatembea na neno jingine, ule ugonjwa ambao watu walikuwa hawautaji, na ukikonda tu mitaa imeshakumalizia hesabu. Sikulilia kufa. Nililia kwamba wataandika nini pembeni.

Kwa hiyo nikadanganya. Nilibandika mlangoni kwamba nakwenda Bujora kumwuguza mama mkwe, nikafunga fremu. Mama mkwe mwenyewe, mzima wa afya, akatoka Bujora kuja kukaa kwangu Igoma kulea watoto. Mtu akimwona dukani, akidhani nimemleta kwangu kumwuguza, na kumwuliza hali, yeye alikuwa anashangaa ugonjwa anaopewa pole ni upi. Baba Kabula alimweleza, naye akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Kumbe mimi ndiye ninayeumwa," akasema, akaenda kuinjika maji.

Miezi miwili ya kwanza ni ya sindano. Kila siku ya Mungu, mvua inyeshe isinyeshe. Nilichagua zahanati ya mbali, huko mjini, nisije nikakutana na wasomaji wangu. Benchi lilikuwa refu, limelainika kwa kukaliwa, na mgonjwa mpya anaanzia mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Sista wa sindano alikuwa mama mnene asiyecheka, na alikuwa hakuachi mpaka umemeza vidonge mbele yake na kufungua mdomo aone. Wiki ya kwanza nilimchukia. Wiki ya tatu nilikuwa simtaki mwingine, maana mkono wake ulikuwa mwepesi, na akijua upande wa jana bado unauma anahamia upande wa pili bila kuulizwa.

Kwenye benchi hilo nilimpata Mzee Hamisi, fundi cherehani wa mjini. Tulianza dawa wiki moja. Yeye alikuwa anazitaja sindano kama mtu anayetaja wajukuu. "Leo ni ya ishirini na tatu, hii ni korofi," anasema anapotoka anachechemea. Nikichelewa kwa mvua alikuwa ananiwekea nafasi kwa kofia yake, na mtu akiuliza anamwambia, "Hapo pana mtu, hujamwona tu kwa sababu amekonda." Nilicheka mpaka nikakohoa. Usidharau mtu wa kukuchekesha kwenye foleni. Kuna siku nilikwenda kwa ajili yake zaidi ya kwa ajili ya sindano.

Mwili unabadilika, usishtuke. Mkojo unakuwa mwekundu kama juisi ya machungwa iliyokolea, mimi siku ya kwanza nilimwita mume wangu aje chooni atazame, akaja, akatazama, akasema, "Mimi ni seremala." Masikio yalikuwa yanalia kama chungu kinachoanza kuchemka. Kichefuchefu kinakuja ukimeza bila kitu tumboni. Halafu siku moja, sijui ya ngapi, nikaamka shuka ni kavu. Nilikaa kitandani nikaipapasa ile shuka yote, nikamwita mama mkwe naye aje aipapase.

Yeye na mimi hatukuanza vizuri. Alinitengea sahani yangu na bakuli langu, akaviweka dirishani peke yake, na kila nilipoviona roho iliniuma. Nilivimba tu. Siku aliyonisindikiza zahanati, sista akamwambia vyombo havina shida, cha muhimu mgonjwa ameze dawa, azibe mdomo akikohoa na dirisha liwe wazi. Tuliporudi, mama mkwe alichukua bakuli langu akaliosha pamoja na mengine, akalipanga katikati. Hakuniomba radhi. Mchana ule alinipikia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, akakaa kunitazama mpaka nimemaliza, na mimi nikaomba kuongezwa.

Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Januari nikapimwa makohozi, yakawa safi. Sindano zikaisha, nikapewa vidonge vya kumezea nyumbani kwa miezi sita, niwe narudi kila mwezi kuchukua vingine. Sista aliniambia, "Sasa ndiyo hatari yenyewe. Utajisikia mzima." Nikaitikia ndiyo sista, bila kusikia. Mama mkwe akarudi Bujora kuwahi palizi ya pamba. Mimi nilikuwa na mashavu tena, na kitu cha kwanza nilichofanya na mashavu hayo ni kufungua fremu.

Watu walinipokea kwa shangwe. Pembeni mwa karatasi ya kwanza palijaa mpaka wengine wakaandika kwenye mlango wenyewe. "Karibu tena Mama Kabula." "Mama mkwe anaendeleaje?" "Tulikuwa gizani." Nikasoma, nikarudia kusoma, na ule ulevi wangu ukanirudia wote. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimerudi kwenye kurasa mbili kwa siku.

Vile vidonge lazima uvimeze na chakula, la sivyo tumbo linakugeuka. Na mimi alfajiri natoka bila uji. Kwa hiyo nikasema nitameza nikirudi. Nikirudi nimechoka, nikasema kesho nitameza viwili viwili. Kesho nimesahau ya jana. Sikujiona naacha dawa, nilijiona nachelewa kidogo. Kikohozi kidogo kikanishika asubuhi moja, kikavu, nikakiita vumbi ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Kabula ndiye aliyegundua. Walikuwa wanajifunza hesabu za kutoa shuleni, akawa anatafuta vitu vya kutoa. Alivimwaga vidonge vyangu mkekani, akaangalia kadi yangu, akaangalia kalenda, akaenda karakana kwa baba yake. "Baba, jibu halikubali. Zimezidi dawa za siku kumi na moja." Baba yake akahesabu naye upya. Jibu likabaki lile lile.

Jioni hiyo mume wangu aliniuliza kwa upole, nikamjibu kwa ukali. Nikasema mimi si mtoto, nikasema kazi yangu ndiyo iliyonifanya nijisikie mtu tena, nikasema kesho nitameza. Akaenda kuwalaza watoto. Asubuhi nikabandika ukurasa wangu kama kawaida, nikaingia ndani kuchapa mkataba wa mtu. Nikasikia nje watu wamenyamaza. Watu wa Igoma huwa hawanyamazi mbele ya mlango ule. Nikatoka.

Baba Kabula, ambaye tangu nianze karatasi ile hakuwahi kuandika hata herufi moja, alikuwa ameandika pembeni kwa ile penseli yake bapa ya useremala, kwa mwandiko mkubwa wa kupimia mbao: "Mwandishi wa karatasi hii ana kifua kikuu. Anatibiwa. Ila siku kumi na moja hajameza dawa kwa sababu ya kuwaandikia ninyi. Watoto wake wanamtaka. Mimi pia. Mume wake."

 Nikaibandua karatasi, lakini walishasoma, na wengine walikuwa wameshaanza kuondoka wakinikwepa macho. Mama mmoja alimvuta mwanawe mbali na mlango. Nikazunguka hadi karakana nikiwa na ile karatasi mkononi.

"Umeniaibisha," nikasema.

"Ndiyo." Hakuacha kupiga randa.

"Mbele ya watu wote, Baba Kabula."

Akaweka randa chini. "Nyumbani nimekuambia, husikii. Nimekuambia kitandani, nimekuambia mezani, siku ambazo umefika mezani. Pale mlangoni unasoma kila neno. Kwa hiyo nikaja kukuambia pale." Akapangusa maranda mezani. "Sitaki kukutengenezea jeneza, Mama Kabula. Nimetengeneza mengi mwaka huu, nimechoka."

 Nilikaa kwenye rundo la maranda nikalia, yeye akakaa pembeni yangu, na wateja wake wawili wakajifanya wanakagua kitanda.

Tulikwenda zahanati siku ile ile. Sista hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema wataanza kwa kupima makohozi. Yakiwa na ugonjwa, tunarudi mwanzo, sindano na vyote, kwa muda mrefu zaidi, na dawa zenyewe huenda zisinikubali tena. Yakiwa safi, tunaendelea na kuongeza siku nilizokimbia. Nikapeleka makohozi yangu asubuhi, nikaenda tena, nikaenda tena.

Siku ya majibu nilikaa kwenye lile benchi, mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Mume wangu alikuwa kulia kwangu. Mzee Hamisi alikuwa amekuja kuchukua vidonge vyake vya mwezi, akawa ameshavipata, angeweza kwenda zake. Akaniona. Akaja akakaa kushoto. Hakufanya mzaha wowote. Nilimwambia nilichofanya, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nilikimbia siku nne, nikaogopa kusema." Niliogopa siku ile kuliko siku niliyoambiwa naumwa. Ile ya kwanza iliniangukia tu, hii nilikuwa nimejitafutia mwenyewe, na nilikuwa nimetafutia na watoto wangu.

Sista akatokea mlangoni na karatasi. "Safi," akasema, na akaongeza, "Una bahati, na bahati haitoki mara mbili kwenye zahanati yangu." Halafu akamgeukia Mzee Hamisi. "Na wewe ulisema siku nne? Ingia ndani." Alikuwa na masikio marefu yule mama.

Nilirudi fremuni nikachapa ukurasa mmoja tu. Niliandika kwamba sikwenda Bujora, mama mkwe hajawahi kuumwa, aliyeumwa ni mimi. Niliandika jina la ugonjwa herufi kwa herufi. Niliandika kwamba unatibika, kwamba mkojo mwekundu si damu, kwamba kukohoa kwa wiki tatu na zaidi hakutokani na vumbi hata kama unaishi Igoma. Nikasema kuanzia sasa karatasi itatoka Ijumaa tu, na fremu itafungwa saa kumi jioni. Nikabandika nikaenda nyumbani kula, bila kusubiri kuona nani anaandika nini.

Sitakudanganya, wapo walioacha kuleta kazi zao kwangu. Mmoja tulikuwa tunaimba naye kwaya, akahama benchi. Iliuma, na bado nikikumbuka inauma. Lakini wengine walianza kupitisha kichwa mlangoni asubuhi: "Mama Kabula, umemeza?" Wauza nyanya, wapiga debe, mwalimu mmoja wa Butimba ambaye hata jina lake silijui. Ilifika mahali nikawa nameza mapema ili kukwepa kuulizwa. Na mwezi Aprili mwanamume mmoja aliingia akafunga mlango nyuma yake, akaniuliza kwa sauti ya chini ile zahanati iko wapi. Nilimpeleka mwenyewe, nikamwonyesha mahali pa kukaa.

Nilimeza nikiwa na uji tumboni kila asubuhi, mezani, Kabula ameshika kadi. Masika yalipita, mpunga ukavunwa, pamba ikaanza kutoka mashambani. Katikati ya Julai nikameza cha mwisho. Sista akapiga mhuri kadi yangu akaifunga, akasema nisirudi. Nikamwambia nitammisi, akasema yeye hatanimisi, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumekaa mkekani kula mchana, wote wanne, na mama mkwe wa tano, amekuja na maziwa mgando. Kuna ugali, kuna sato, kuna mlenda. Jirani akaingia mbio hata hodi hakupiga. Lori la soda limelala upande kwenye kona ya kwenda Kisesa, dereva mzima, kreti zimesambaa barabarani, watu wamekuja na ndoo, na diwani naye yuko pale kakumbatia kreti. "Mama Kabula, chukua kalamu tuwahi. Hii haijawahi kutokea."

Kwa kweli haikuwahi kutokea. Mikono iliniwasha, nakuambia, niliona ukurasa wote umeshajipanga, na kichwa cha habari juu. Kila mtu pale mkekani aliacha kula. Baba Kabula alikuwa ameshika tonge hewani, hakunitazama, alikuwa anatazama sahani.

Nikamwambia jirani, "Karibu tule. Utanisimulia, nitaandika Ijumaa."

Nikamega tonge, nikamchambulia Maduhu samaki, na ugali ulikuwa bado wa moto.